Mapovu kwenye rejeta ya lori la mtumba: nikimbie au ninunue?

#1 Tairi Kumi
Wakuu salama? Naomba akili zenu kabla sijaingia mkenge.

Nimepata tipa la tairi kumi, silinda sita, lina tabo (kile kifeni cha kusukuma hewa kwenye injini), gia za mkono. Kabini haina kutu, bodi imenyooka, tairi bado zina meno. Nilipofika nilikuta linanguruma tayari, mwenyewe akasema alikuwa anachaji betri. Tukazunguka nalo kama dakika ishirini bila mzigo, likavuta vizuri tu. Tuliporudi tukalizima, tukasubiri likapoa kabisa, nikafungua mfuniko wa rejeta, nikawasha tena nikiwa nimechungulia. Maji yalitulia kidogo, halafu yakaanza mapovu. Madogo madogo, yanakuja mfululizo, kama mtu anapuliza mrija ndani ya glasi. Nimesimama pale dakika kumi hayakukoma.

Fundi niliyekwenda naye akaninong'oneza, "hedi hiyo". Dalali akasema ni hewa imenaswa, eti maji yalibadilishwa jana. Oili kwenye kijiti ni nyeusi ya kawaida, haijageuka maziwa. Moshi sikuona cha kutisha. Kesho kutwa narudi kuliangalia mara ya pili. Nikimbie?

#2 Spana17
Kimbia. Hiyo ni gesi ya kwenye silinda inapenya kwenye njia za maji. Ama gasketi ya hedi (kile kifuniko cha juu ya silinda) imeungua, ama hedi yenyewe imepasuka. Fundi wako anajua kazi, mnunulie soda.

#3 Dalali Mwaminifu
Nyie mafundi kila kitu gasketi. Mtu akipiga chafya, gasketi. Maji yakimwagwa na kujazwa upya lazima hewa ibaki kwenye kona za injini, na itatoka kidogo kidogo. Mnawaharibia watu biashara.

#4 Tairi Kumi
@Dalali Mwaminifu mkuu, isije ikawa ni wewe uliyenionyesha hilo tipa 😂

#5 Bi Grisi
Mwenye uzi, tulia kwanza, wote wawili wamekimbilia mwisho.

Hewa iliyonaswa ipo kweli, ila haiishi maisha marefu hivyo. Injini ikishapata moto, thamostati ikafunguka, maji yakizunguka dakika chache hewa inakuwa imetoka. Wewe umeendesha dakika ishirini, ukaja ukalipoza, na bado linapuliza. Kwa hiyo hadithi ya "maji yalibadilishwa jana" mimi siinunui.

Sasa Spana17, kaka yangu, umesahau kitu kimoja kilichoko kwenye lori na hakipo kwenye gari dogo: kompresa ya upepo wa breki. Kompresa nyingi za malori hedi yake inapozwa na maji hayahaya ya injini. Gasketi ya kompresa ikikatika, au kale kahedi kakapata ufa, upepo unasukumwa moja kwa moja kwenye maji na unatokea kwenye rejeta. Mtu anashusha hedi ya injini, anabadilisha gasketi, anafunga, anawasha, mapovu yako palepale. Nimeshuhudia hilo kwa macho yangu, na aliyeshusha hedi alikuwa mimi. Sikulala.

Kipimo cha kuanzia hakihitaji hata spana. Shusha upepo kwa kukanyaga breki mara kadhaa mpaka geji ianguke, halafu washa na uchungulie rejeta. Wakati kompresa inajaza, angalia mapovu yana nguvu gani. Geji ikipanda mpaka ule mlio wa "psss" utoke, hapo kompresa imekata, inazunguka bure. Mapovu yakikoma baada ya psss, mshtaki kompresa. Yakiendelea vilevile, rudi kwa Spana17 ukamwombe radhi.

#6 Spana17
Dada, miaka yote niliyokaa chini ya magari kesi ya kompresa nimekutana nayo mara moja. Gasketi za hedi nimeshaacha kuhesabu. Ukisikia kwato usiku, mfikirie punda kwanza, pundamilia baadaye.

#7 Bi Grisi
@Spana17 hiyo mara moja ndiyo uliyoigundua. Zile ulizoshusha hedi bure hukuzihesabu.

#8 Mpita Njia
Nakaa mkao wa kula 🍿

#9 Mzee Dizeli
Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mnazungumza gasketi na kompresa, laina mmeziacha wapi?

Laina ni bomba la chuma ambamo pistoni inacheza. Injini nyingi kubwa za dizeli zina laina za maji, maana yake ukuta wa nje wa laina unaguswa na maji moja kwa moja. Kila mlipuko ukitokea ndani, laina inatetemeka. Mtetemo huo unazalisha vipovu vya mvuke kwenye ukuta wa nje, na vikipasuka vinanyofoa chuma kidogo kidogo, leo punje, kesho punje. Ukiitoa laina ya namna hiyo utadhani imeliwa na funza, vishimo upande mmoja, vimepangana kwa mstari. Ndiyo maana watengenezaji wanasisitiza maji ya rejeta yenye dawa yake, siyo tu ili yasigande. Dawa inatengeneza ngozi nyembamba juu ya chuma. Wenzetu wengi wanajaza maji ya bomba miaka kumi.

Kishimo kikitoboa mpaka ndani, ndiyo mapovu hayo. Mimi lori langu lilikunywa maji miezi bila tone kuonekana chini. Oili safi. Moshi mweupe kidogo asubuhi tu, nikasema ni baridi. Siku moja nikapiga stata ikasema "tak" ikakwama. Maji yalikuwa yamevuja usiku yakajaa silinda moja, na maji hayabaniki kama hewa. Tulipofungua tukakuta konrodi imepinda kama kijiko. Ikawa ni kununua injini, tena ya mtumba.

Kwa hiyo kijana, hata oili ikiwa safi usijipe moyo.

#10 Tairi Kumi
Mzee marahaba... samahani, shikamoo 🙏 Sasa mnanitisha. Maji yalikuwa na rangi ya kutu kabisa, kama maji ya mferejini.

#11 Mzee Dizeli
Marahaba mwanangu. Basi umejijibu nusu.

#12 Utingo Mstaafu
Mimi nimecheka kitu kimoja. Watu wanabishana mapovu, na mwenye uzi ametuambia jambo kubwa kuliko hilo akalipita kama halipo: amekuta INJINI INANGURUMA. Anachaji betri! Ndugu yangu, nilikuwa utingo miaka mingi, kazi yangu ya kwanza asubuhi akija mteja ilikuwa kuliamsha lori kabla hajafika. Lile letu likiwa la baridi lilikuwa linakohoa moshi mweupe mpaka majirani wanafunga madirisha, na stata unaipiga mara tano. Likishapata moto, malaika.

Kesho kutwa usiseme saa utakayofika. Ukifika, kabla ya salamu, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, kaa chini upige stori mpaka ipoe. Halafu washa mwenyewe, mwenzako akae nyuma kwenye eksozi. Moshi mweupe unaotoka sekunde chache na kuisha wakati wa baridi, sawa. Ukiendelea huku injini inatetemeka, kuna silinda haichomi. Ukiendelea mpaka injini ipate moto na una harufu ya utamuutamu, hiyo ni dawa ya rejeta inachomwa. Wa bluu ni oili. Mweusi ni dizeli nyingi au hewa chache, na mara nyingi ni chujio la hewa tu au mpira wa tabo uliochanika, usikimbie kwa huo peke yake.

#13 Chuma Chakavu
Kipimo cha wazee: injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta), fungua mfuniko wa oili, ugeuze uulaze juu ya tundu bila kukaza. Ukirushwa, ringi za pistoni zimekwisha, ondoka. Ukitulia, lipia.

#14 Bi Grisi
@Chuma Chakavu nusu kweli. Kuna injini mfuniko uko juu ya roka (vyuma vya kufungulia valvu) kabisa, upepo wa kawaida tu unauchezesha. Na presha ndani ya injini haitoki kwenye ringi peke yake. Sili za tabo zikichoka zinapitisha, na kompresa yetu ileile ikichoka ringi zake nayo inarudisha upepo kwenye oili. Afadhali utafute bomba la kupumulia la injini, piga resi, uone linachotoa. Mvuke mwepesi, sawa. Likipuliza kama pasi ya mkaa na kutema matone ya oili, hapo zungumza bei au zungumza kwaheri.

#15 Chuma Chakavu
Kompresa tena! Dada una hisa kwenye kiwanda cha kompresa?

#16 Kompyuta ya Lori
Mmesahau kipoza moshi, kile kinachorudisha moshi wa eksozi kwenye injini kupitia maji. Kwenye malori ya kisasa kikipasuka ndani, gesi inaingia kwenye maji, mapovu kama kawa. Mwenye uzi, hilo lori lina kompyuta? Lisome kwa mashine BAADA ya kuzunguka nalo, siyo kabla. Makosa yaliyofutwa jana usiku yanahitaji muda barabarani ndiyo yajirudie. Pia angalia kilomita na saa za injini, gawanya.

#17 Tairi Kumi
Halina kompyuta mkuu, ni pampu ya zamani, mabomba sita yanaonekana yanaingia kwenye nozeli za kupulizia dizeli. Kilomita 310,000. Saa zipo kwenye kidude kidogo pembeni ya dashibodi, nilipiga picha, ngoja... 14,200.

#18 Kompyuta ya Lori
Basi kipoza moshi kitoe kwenye orodha. 310,000 gawanya kwa 14,200 unapata kama kilomita 22 kwa saa. Walikuambia lilikuwa linafanya kazi gani?

#19 Tairi Kumi
Safari ndefu, barabara ya lami tupu.

#20 Kompyuta ya Lori
😂😂😂 Lami tupu kwa kilomita 22 kwa saa. Hilo limekaa machimboni linasubiri kupakiwa huku linanguruma. Au kilomita zimerudishwa nyuma wakasahau kidude cha saa. Chagua mwenyewe.

#21 Dalali Mwaminifu
Au kidude kimetoka kwenye lori jingine. Dashibodi zinabadilishwa jamani.

#22 Spana17
@Dalali Mwaminifu kila ukifungua mdomo unamsaidia mnunuzi.

#23 Fundi Mwepesi
Kama ni pampu ya zamani, mambo rahisi. Likiwa linanguruma legeza nati ya bomba la nozeli moja moja. Silinda nzima ukiilegeza, injini inayumba na mlio unabadilika. Ukilegeza na injini haijali, silinda hiyo ilikuwa imelala. Hapohapo angalia mapovu. Yakipungua ulipolegeza namba fulani, umempata mwizi. Nafanya hivi kwenye kila dizeli.

#24 Bi Grisi
Kila dizeli HAPANA. Fundi Mwepesi, nakuheshimu, ila anayesoma hapa anaweza kwenda kujaribu kwenye lori la kisasa lenye reli moja ya mafuta. Kule presha inapita bar 1,500, dizeli inapenya kwenye ngozi kama sindano, na kidonda kinaonekana kadoa tu wakati ndani nyama inaoza. Watu wamekatwa vidole. Kwenye pampu ya zamani sawa, kwa kitambaa, miwani, na mkono usiwe mbele ya tundu. Kwenye reli usiguse nati yoyote injini ikiwaka.

#25 Fundi Mwepesi
Nimekubali, nimeandika vibaya. Pampu za zamani tu.

#26 Utingo Mstaafu
Injini inatengenezeka wakuu. Chesisi je? Hakuna aliyemuuliza kuhusu chesisi. Tipa huwa linavunjikia nyuma, pale bodi inaponing'inia na kwenye mashikio ya springi. Chukua tochi, lala chini. Ukiona chesisi imepakwa rangi nyeusi mpya inang'aa na kila kitu kingine kina vumbi, jiulize wanaficha nini. Kwaruza kwa ukucha kwenye kona. Weldingi ina tumbo, rangi haifichi tumbo. Na ukiona michirizi ya kutu inashuka kutoka kwenye kichwa cha bolti, bolti hiyo inacheza.

Jingine: limwagie maji chini, lipite juu yake taratibu kwa mstari ulionyooka, ushuke uangalie alama. Tairi za nyuma zikiwa zimepita pembeni ya njia ya mbele, upande mmoja tu, lori linatembea kama mbwa, kiuno upande. Lilishagongwa, au ekseli imesogea kwa sababu bolti ya katikati ya springi imekatika. Hiyo ya pili ni kazi ya siku moja. Ya kwanza usiiguse.

#27 Mpita Njia
Kutembea kama mbwa 😂 nimejifunza jipya

#28 Chuma Chakavu
Mbele lipige jeki, shika tairi juu na chini, tikisa. Ikicheza, kingpini hizo, zile pini zinazogeuzia tairi za mbele.

#29 Spana17
Au beringi ya hab. Mwambie mtu akanyage breki ukiwa unatikisa. Mchezo ukipotea, beringi. Ukibaki, kingpini. (Bi Grisi usiseme kompresa.)

#30 Bi Grisi
Nilikuwa nimeshaanza kuandika 😂

#31 Utingo Mstaafu
Na upepo wa breki. Jaza mpaka ikate, weka mawe kwenye tairi, zima injini, achia breki ya maegesho, usikanyage kitu, angalia geji dakika moja. Kwenye mwongozo wa madereva wa malori wa Marekani, gari moja bila tela lisipoteze zaidi ya psi 2 kwa dakika. Ukikanyaga breki ukashikilia, lisizidi 3. Na kujaza kutoka 85 mpaka 100 injini ikiwa kwenye mizunguko ya kazi kusipite sekunde 45. Likichelewa kujaza, haya, na mimi nasema: kompresa.

#32 Tairi Kumi
Wakuu nimerudi, narudisha mrejesho.

Nilifika bila kuaga. Injini ya baridi safari hii. Stata ya tatu ndiyo likawaka, moshi mweupe kama dakika mbili, mtetemo upo, ukaisha. Chesisi nimelala chini, weldingi moja kwenye shikio la springi kulia nyuma, mbaya, ina matumbo matatu. Mbwa hatembei, amenyooka. Kingpini kushoto inacheza hata breki ikikanyagwa.

Sasa mapovu. Nilishusha upepo, nikawasha, nikachungulia. Wakati linajaza, mapovu mengi. Ikasema psss... yakapungua. Nikashangilia moyoni, nikasema Bi Grisi mama yangu. Lakini hayakukoma. Yamebaki machache, moja moja, kila baada ya sekunde mbili tatu. Nimerudia mara tatu, jibu lilelile. Kujaza kutoka 85 mpaka 100 kulichukua sekunde 70 na kitu.

Niliomba tulegeze nati za nozeli, mwenyewe akakataa, hakuna spana kugusa lori mpaka nilipie.

#33 Spana17
Hayakukoma = hedi. Yanapungua kwa sababu kompresa ikikata, injini inapumzika, mzigo unapungua, na gesi inapungua. Asanteni.

#34 Bi Grisi
Mzigo wa kompresa kwenye injini ya silinda sita ni mdogo mno kubadilisha mapovu hivyo. Na sekunde 70 hujazisemea kitu. Halafu kuna jambo sikulisema mwanzo, kosa langu: kompresa ikikata, kwenye mifumo mingine bomba la kutoka linabaki na presha, kwa sababu valvu ya kuzuia kurudi iko mbali, kwenye tangi. Ufa ukiwa upande wa kutoka, upepo ule uliobaki unaendelea kupenya. Kwa hiyo "kupungua bila kukoma" bado ni kompresa.

#35 Mzee Dizeli
Au ni vyote viwili. Moshi wa dakika mbili asubuhi, stata ya tatu, maji ya kutu. Kijana, mimi yangu ilianza hivyohivyo.

#36 Fundi Mwepesi
Stata ya tatu inaweza kuwa betri tu. Si walisema walikuwa wanachaji.

#37 Kompyuta ya Lori
Kuna dawa ya bluu, unaiweka kwenye kichupa juu ya tundu la rejeta, inavuta hewa ya mapovu. Ikikuta gesi iliyoungua inabadilika rangi. Upepo wa kompresa ni hewa tupu, haiibadilishi. Haihitaji spana, hawezi kukataa.

#38 Bi Grisi
Hiyo. Ila maji yasipande mpaka kwenye kichupa, yataiharibu. Toa maji kidogo kwanza, na ifanye wakati kompresa imekata, ili mapovu yatakayobaki ndiyo upime.

#39 Tairi Kumi
Nimeshaipata ya kuazima kwa jamaa. Kwa kweli ile weldingi ndiyo inaninyima raha kuliko mapovu.

#40 Utingo Mstaafu
Umeanza kuwa utingo sasa. Weldingi iko kwenye shikio lenyewe au imeingia kwenye chesisi? Shikio linabadilishwa. Chesisi ikiwa imechomwa kwenye ubavu wa juu au wa chini, ufa utarudi pembeni ya weldingi hiyohiyo.

#41 Tairi Kumi
Imeingia kama inchi moja kwenye ubavu wa chini. Napakia picha usiku.

#42 Dalali Mwaminifu
Kama huchukui sema mapema, nina mteja mwingine.

#43 Spana17
Mpe namba ya Bi Grisi huyo mteja.